Pikapu Ipi Itatufaa?

(Maneno haya yalisemwa mbele ya wanachama wakaao Kinondo, kabla ya kura ya kununua gari la mfuko wa akiba. Yamepigwa chapa kwa ajili ya wale waliokuwa zamu siku ile.)



Kamati imetutaka sisi watu wa karakana ya Reli tuseme habari ya pikapu. Kwa majuma mengi sasa mazungumzo ni hayo hayo. Barazani ni pikapu, kwenye feri ya Likoni ni pikapu, na hata msibani watu wameonekana wakinong'onezana Toyota na Isuzu. Si ajabu. Fedha zilizo katika mfuko wetu zimekusanywa kidogo kidogo kutoka katika mishahara ya watu waamkao saa kumi za alfajiri ili wavuke, na nyingine zimetoka katika nazi na samaki wa akina mama. Zikipotea hakuna wa kuzirudisha. Kwa hiyo hatukuja hapa kushangilia jina la gari kama watu washangiliavyo timu ya mpira.

Kwanza tukumbushane kazi yenyewe. Pikapu yetu itabeba samaki kutoka pwani, nazi na makuti kutoka mashamba, mihogo, saruji, na mawe ya kujengea. Kutoka barabara kuu iendayo Lungalunga ni lami. Lakini kutoka lami mpaka mahali mashua zinapofikia ni mchanga, na mvua ya masika ikinyesha ni tope. Twahitaji kabini moja na sanduku refu. Kabini mbili ni nzuri kwa bwana mkubwa na jamaa zake, lakini kiti cha nyuma hakibebi nazi. Wengine wamesema tununue yale malori madogo ya Kijapani, TownAce au Bongo, kwa kuwa bei yake ni nafuu. Kwa kazi ya Ukunda mjini yafaa sana. Kwa mchanga wetu, magurudumu yale madogo yatatufanya sisi tulisukume gari badala ya gari kutubebea.

Sasa majina. Wazee wataanza na Peugeot, wala hawakosei kuikumbuka. Peugeot 404 ilishinda mashindano ya Safari mwaka 1963, na tena 1966, 1967 na 1968. 504 ikashinda mwaka 1975 na 1978. Pikapu ya 504 iliunganishwa papa hapa Kenya mpaka mwaka 2004, na kwa miaka mingi ilibeba mizigo ya kila namna. Wapenzi wa Datsun nao watasema gari lao lilishinda mwaka 1970, 1971 na 1973. Ni kweli. Lakini Safari ni mbio za siku chache, na nyuma ya gari la mashindano hufuata mafundi wenye spea. Pikapu ya Kinondo haifuatwi na mtu. Na hiyo 504, kwa uimara wake wote, leo mwenye nayo hutafuta kifaa kama atafutaye mbuzi aliyepotea. Chuma chake hakikubadilika. Kilichokwisha ni spea, na mafundi walioijua wamezeeka.

Sisi watu wa injini jambo hili twalijua sana. Wazee wa Reli wakumbuka zile Garratt za daraja la 59, zilizoundwa Manchester na kuletwa mwaka 1955 na 1956. Zilikuwa 34, zote za aina moja. Kifaa cha moja kiliweza kuingia katika nyingine, na fundi aliyeijua moja aliijua kila moja. Zilifanya kazi zaidi ya miaka 20. Lakini reli yoyote yenye aina nyingi za injini, mbili za hapa na tatu za pale, mwisho wake ni mmoja: injini moja huwekwa kando ikavuliwa vifaa ili nyingine zipate kutembea. Sasa sisi tutakuwa na gari moja tu. Ndugu zetu, tutalivua lipi?

Kwa hiyo, gari lolote litakalotajwa hapa, iwe Ford Ranger, Mitsubishi L200, Nissan au Mahindra ya Uhindi, sisi hatuulizi kama ni zuri. Hizo zote ni motokaa za kweli. Twauliza hivi: fundi wa kuifungua pampu yake ya dizeli yuko Ukunda, au mpaka uvuke maji? Kifaa chake chapatikana leo, au chaagizwa Nairobi? Na fundi huyo ana mtambo wa kusoma hitilafu za injini za siku hizi? Maana zile Hilux za zamani zenye injini ya 3L na 5L, na Isuzu za zamani zenye 4JA1, fundi mwenye akili na spana aliweza kuzitengeneza chini ya mwembe. Pikapu mpya zina nyaya na kompyuta, na dizeli chafu ya kwenye madumu huziharibu nozeli zake upesi. Hili ni la Toyota na Isuzu pia, msidanganyike.

Tukiuliza hivyo, yabaki majina mawili. Hilux ilianza kuundwa Japani mwaka 1968, na sifa zake zajulikana mpaka vitani. Isuzu nayo imeunganishwa Nairobi kwa miaka mingi, katika kiwanda kilichokuwa cha General Motors. Mwaka 2017 Isuzu ilinunua hisa za General Motors, kiwanda kikaitwa Isuzu East Africa. Malori na matatu za Isuzu zimejaa nchi nzima, na kwa sababu hiyo mafundi waliozoea dizeli yake si haba.

Hapo ndipo ugomvi unapoanza. Mmoja husema, "Hilux, kwa kuwa siku ya kuuza utarudishiwa fedha zako." Neno hili limesemwa mara nyingi mpaka limekuwa kama amri. Sisi tumelitia katika hesabu. Chukueni kalamu. Bei hizi ni za mfano tu, si za gari lililoonwa mahali.

Gari la kwanza, lenye jina, lanunuliwa kwa shilingi 1,800,000. Baada ya miaka 4 lauzwa 1,300,000. Limekula 500,000. Gari la pili lanunuliwa kwa 1,100,000, na baada ya miaka hiyo 4 lauzwa 450,000. Limekula 650,000. Mshabiki wa gari la kwanza atapiga makofi: gari lake limeokoa 150,000! Lakini ile 700,000 ya ziada ya kulinunulia yatoka wapi? Mfuko wetu hauna. Itakopwa. Tukikopa kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi juu ya deni lililobaki, na kulilipa deni kwa mafungu sawa kwa miezi 48, riba yote itafika 171,500. Basi gari la jina limeshindwa kwa shilingi 21,500. Na bado hatujataja bima kubwa, ambayo huhesabiwa kwa thamani ya gari.

Kwa hiyo asemaye tununue jina kwa kuwa litauzika, bado hajatuambia kitu. Bei ya kuuza tena, ikiwa peke yake, haitoshi kuwa sababu. Wengine wenu mtashangaa kusikia hivyo kutoka kwa watu wanaopenda chuma kizuri, lakini ndivyo hesabu isemavyo.

Sasa tutie kitu ambacho barazani hakitajwi: siku za kusimama. Tuseme pikapu ikitoka hutubakizia 3,000 kwa siku, baada ya dizeli na ujira wa dereva. Ikiwa gari la pili litasimama gereji siku 8 zaidi ya la kwanza, tumepoteza 24,000, na hesabu yote imegeuka. Siku 8, si kwa mwaka mmoja, bali kwa miaka yote 4! Gari likingoja kifaa kimoja kutoka Nairobi laweza kuzimaliza siku hizo kwa mkupuo mmoja. Na wakati huo samaki hawangoji, na mama aliyeahidiwa gari atamtafuta mwenye gari mwingine, na kesho hatarudi.

Mnunuzi wa mwisho naye si mjinga. Akitoa fedha nyingi kwa Hilux kuukuu, halipi kwa ajili ya maandishi ya nyuma. Yeye naye amehesabu siku zake za kusimama. Kwa hiyo tukichagua gari kwa siku za kazi, bei ya kuuza itafuata nyuma yenyewe. Tukichagua kwa bei ya kuuza, huenda tukalipa mara mbili.

Liko jambo jingine, na hili latuhusu sisi wa pwani kuliko watu wa Nakuru. Ni chumvi. Upepo wa bahari una chumvi, mchanga una chumvi, na maji ya samaki yanayochuruzika kutoka katika sanduku yana chumvi kuliko vyote. Yanaingia katika maungio ya sakafu, yanashuka mpaka kwenye chesisi, mabomba ya breki na boliti za springi. Dereva atasema huliosha gari kila jioni. Kwa maji gani? Visima vingi vya karibu na bahari vina maji ya chumvi-chumvi. Huko si kuosha. Yafaa maji baridi ya kunywa, tena kwa chini, si kung'arisha bodi ili watoto wajitazame.

Chumvi hii yaweza pia kutoka ng'ambo. Madalali husema, "Hii imetoka Japani juzi." Basi jueni ya kuwa Toyota haikuuza Hilux Japani toka mwaka 2004 mpaka 2017, na ilipoirudisha ilikuwa ya kabini mbili tu. Isuzu D-Max haiuzwi huko. Akija mtu na Hilux ya kabini moja isiyozidi miaka 8, ambao ndio mwisho wa umri wa magari yaliyotumika yanayoruhusiwa kuingia Kenya, akasema imetoka Japani, mwambieni alete karatasi. Huenda imetoka Thailand, ambako usukani pia ni wa kulia, na hilo si baya. Huenda imetoka Uingereza. Huko wakati wa baridi hutia chumvi barabarani ili kuyeyusha barafu, na gari lililokaa huko miaka 6 limekwisha kula chumvi kabla ya kuiona Kinondo. Juu litapakwa rangi nzuri. Chini mtakuta upele.

Kwa hiyo asiende mtu mmoja kulitazama gari. Waende watatu, mmoja awe fundi, na wachukue nyundo ndogo. Reli hugonga magurudumu kusikiliza sauti yake. Chesisi nayo igongwe, hasa karibu na springi za nyuma na juu ya tangi. Chuma kizima hulia. Kilichooza hujibu kama gunia, na mara nyingine nyundo hupita upande wa pili. Mwenye gari akikataa ligongwe, mpeni mkono wa kwaheri kwa heshima.

Habari ya karatasi tutaisema kwa ufupi. Logibuku iandikwe jina la chama, si la katibu wala la mweka hazina, hata kama ni mwaminifu kiasi gani. Mtu hufa, mtu huhamishwa, na gari lisilo na karatasi safi huuzwa kwa bei ya chuma chakavu, liwe Hilux au liwe nini. Tena liwe na daftari lake, kama injini ya reli ilivyo na daftari lake: oili ilibadilishwa lini, kwa kilomita ngapi, kifaa gani kilitiwa, na nani alikitia. Risiti zibandikwe humo. Daftari hilo ndilo litakalozungumza na mnunuzi siku ya kuuza, na halina gharama ila kalamu.

Mmetaka tuseme tunaelekea wapi. Twaelekea Isuzu D-Max ya kabini moja, iliyouzwa mpya hapa nchini na kukaa na mwenyewe mmoja, iliyofanya kazi bara badala ya pwani. Historia yake yaweza kuulizwa kwa watu tunaoweza kuwafikia. Ikiwa Hilux ya namna hiyo hiyo itapatikana kwa bei isiyozidi hiyo kwa zaidi ya 200,000, basi tuichukue Hilux. Riba ya fedha hizo kwa miezi 48 ni 49,000, na hizo mfuko waweza kuzivumilia. Ikizidi hapo, sisi hatutainua mkono.

Wako kati yetu wasemao tungoje mwaka mmoja tununue bila deni. Neno lao si la kudharauliwa, nalo litasomwa kwanza siku ya kura. Kura ni Jumapili saa nane. Mwenye kujua Isuzu au Hilux iuzwayo na mwenyewe, si na dalali, ampe katibu habari zake kabla ya Ijumaa, pamoja na mahali gari lilipofanya kazi. Nyundo tutakuja nayo sisi.