Mtoto Anayelala Chini ya Trela



Ukipita mpakani usiku, pale malori yanapopanga foleni kuvuka kwenda Uganda, utawaona watoto wamelala chini ya trela wasinyeshewe. Wanakohoa, wanaumwa na mbu, na wengine hunusa gundi wasisikie njaa. Daktari atamtibu kifua leo, lakini usiku atarudi kulala pale pale.

Serikali ilianzisha mfuko wa kurekebisha familia za mitaani mwaka 2003. Sensa ya mwaka 2018 ilihesabu watu 46,639 wa mitaani nchini. Lakini pesa za mfuko huo hazitiwi mkononi mwa mtoto. Hupitia vituo vinavyomtunza, kumsomesha na kumrudisha kwao.

Kwao ni wapi? Mara nyingi ni kwa nyanya, ambaye mwenyewe hana unga. Ndiyo sababu mwaka 2004 ulianza mpango wa kusaidia nyumba maskini zinazolea yatima. Leo uko chini ya Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi. Si nyingi, tuseme ukweli, na huchelewa. Lakini ni unga, sabuni na nauli ya zahanati.

Mama unayelea wajukuu, nenda kwa chifu na kitambulisho chako na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, uulize uandikishaji utafunguliwa lini. Na wewe unayemkuta mtoto barabarani, usimtupie sarafu ukaenda zako. Piga simu 116, ni bure, au umpelekee habari afisa wa watoto pale Busia.