Mzazi asiye na shamba tena

Tufungue pamoja Marko 7, mstari wa 9 hadi 13.

Kwetu, toka Butembo mpaka Beni, papa anauza kahawa ao kakao, analipa minervali, na kijana akioa anakatiwa kipande cha shamba. Baadaye kijana anamtunza mzee. Ni vizuri. Lakini tuseme kweli: mara nyingine tunamtunza kwa sababu karatasi za parseli zingali chini ya godoro lake.

Gary Becker, mtaalamu wa uchumi wa Marekani, aliandika mwaka 1974 kwamba hata mtoto mchoyo atatenda mema nyumbani, kama mzazi anawapenda wote na anaendelea kuwagawia. Wengine wakaongeza: ndiyo, mradi mzazi awe wa mwisho kufungua mkono. Wazee wetu walijua hayo bila kwenda universite. Baba wa Luka 15 aligawa mapema, na kijana akaenda zake.

Sasa tazameni Beni. Tangu Oktoba 2014 mauaji yamewafukuza watu mashambani, upande wa Oicha, Eringeti, Mbau. Kakao inaivia kule, na mwenyewe yuko mjini, amelala sebuleni kwa jamaa. Sheria ya familia ya mwaka 1987 inawapa watoto robo tatu ya urithi. Robo tatu ya shamba lisilofikika ni nini? Mzee huyo hana tena kamba ya kutufunga nayo. Ukimpelekea unga leo, hakuna anayeweza kusema unatafuta parseli.

Katika Marko 7 kuna mtu anayewaambia wazazi wake kwamba kile ambacho kingewasaidia kimekwisha kuwa Korbani, yaani sadaka kwa Mungu. Yesu hakumsifu. Mimi ni mhubiri, napenda sadaka ya ujenzi ijae! Lakini mama yako akilala njaa, nawe ukileta bahasha mbele ya kanisa ili upigiwe makofi, hiyo ndiyo Korbani.

Vijana wengine wananijibu kwa 2 Wakorinto 12:14, kwamba ni wazazi wanaopaswa kuwawekea watoto akiba. Someni vizuri. Paulo anaeleza pale kwa nini yeye mwenyewe hataki kuwalemea Wakorinto. Anajinyima, hadai kitu.

Tena yeye Paulo, katika 1 Timoteo 5, anawaagiza watoto na wajukuu waanze nyumbani mwao. Mstari wa 16 unatoa sababu: kanisa lisilemewe, lipate kuwasaidia wajane wasio na mtu. Sanduku la mashemasi ni dogo, mnalijua. Kila mama mwenye watoto wenye butiki na pikipiki anayekuja kupanga mstari pale, anachukua kilo ya mjane ambaye watoto wake waliuawa.

Basi juma hili, kabla ya bahasha, piga simu kwanza nyumbani. Uliza wamekula nini. Tuma hata franka elfu tano.