Kutu ya Ngano na Mbegu Tuzipandazo

Leo nataka kusema juu ya ugonjwa wa ngano uitwao kutu ya shina, na kulijibu swali la wakulima wengi: Mbegu iliyoushinda ugonjwa miaka mingi, mbona baadaye hushindwa? Je, mbegu imechoka?

Mbegu haikuchoka. Aliyebadilika ni adui yake.

Kutu ni aina ya ukungu. Haiwezi kujifanyia chakula kwa nuru ya jua kama mmea ufanyavyo, bali huingia ndani ya shina lililo hai na kulinyonya. Shina hutoka vipele vyenye rangi ya matofali, na ukivigusa kidole hupakaa vumbi jekundu. Kila chembe ya vumbi hilo ni kama mbegu, na upepo huichukua toka nchi hata nchi. Punje za ngano husinyaa, na mkulima huvuna makapi.

Kipele kimoja hutoa chembe maelfu kwa maelfu. Katika wingi huo hutokea chache zilizo tofauti kidogo na mzazi wao. Tofauti hiyo huja yenyewe, maana ukungu hauna akili ya kufanya shauri. Na mara nyingi haiufaidii kitu. Lakini tuseme watu wote wamepanda ngano ya aina moja, yenye kinga moja. Chembe zitakazoiangukia zitakufa, ila ile iliyotokea kuwa na njia ya kuipita kinga hiyo. Hiyo itazaa, na wazao wake watakuta mashamba yote yako wazi mbele yao. Basi sisi wapandaji ndio tunaomchagulia adui askari wake.

Jambo hili limetokea kwa jirani zetu. Ngano za nchi nyingi zilikuwa na kinga iliyotolewa katika nafaka iitwayo rai, na wataalamu huiita Sr31. Mwaka 1998, huko Uganda, ngano yenye kinga hiyo ilionekana ina kutu. Ukoo huo mpya wa ukungu uliitwa Ug99, yaani Uganda, mwaka 1999. Ulionekana Kenya mwaka 2001, Ethiopia 2003, Yemen 2006, Iran 2007; na mwaka 2009 ulithibitishwa katika Tanzania yetu.

Wakulima wa Kenya walikuwa na ngano iitwayo Kenya Mwamba, yenye kinga nyingine, Sr24. Mwaka 2006 ilijulikana kwamba tawi moja la ukoo huo limeipita kinga hiyo pia, na mwaka 2007 mashamba ya Mwamba yaliharibika vibaya. Jina lilikuwa Mwamba, lakini ulipasuka.

Wahenga walisema, ukiona mwenzio ananyolewa, zako tia maji. Huko Njoro, Kenya, tangu mwaka 2005 ngano za nchi nyingi zimekuwa zikijaribiwa mbele ya ugonjwa huo. Wataalamu hutafuta kuunganisha kinga kadhaa katika mbegu moja. Chembe yaweza kwa bahati kupita mlango mmoja; kupita milango minne kwa mara moja ni vigumu mno.

Nasi wa Sumbawanga tuna kazi yetu. Kwanza, kijiji kizima kisitegemee ngano ya aina moja. Pili, tung'oe ngano inayojiotea baada ya mavuno, kwa sababu kutu huishi juu ya ngano mbichi hiyo ikingoja msimu ujao. Tatu, tukague mashina mara kwa mara, na tukiona vumbi jekundu tumwite bwana shamba upesi. Nne, tumwulize ni mbegu zipi zinazostahimili sasa, wala tusitosheke na jibu la miaka kumi iliyopita.

Adui huyu habaki alivyokuwa. Mkulima naye asibaki na mbegu ile ile kwa sababu tu ilimfaa baba yake.