Sonona Inatibika kwa Mazungumzo

Msikilizaji, mama amejifungua salama na mtoto ana afya njema. Lakini wiki ya tatu sasa mama huyo hali vizuri, usingizi haumjii hata mtoto akilala, na machozi yanamtoka bila sababu anayoweza kuitaja. Waliomzunguka hawakosi la kusema. Mmoja anamwambia amshukuru Mungu, wenzake wanatafuta mtoto hawapati. Mwingine anamwambia ajikaze, uzazi ndivyo ulivyo. Mama ananyamaza, na moyoni anajiambia: hata kushukuru nimeshindwa.

Huo si utovu wa shukrani. Ni ugonjwa, unaitwa sonona, na wengine huuita unyogovu. Ninachotaka kusema leo ni kwamba sonona ina namna yake ya kumfikirisha mtu, kwamba namna hiyo hubadilika kwa mazungumzo yenye utaratibu, na kwamba watu wa kuifanya kazi hiyo tunao.

Elimu hii ilipata nguvu Marekani, mjini Philadelphia, kwa daktari wa magonjwa ya akili Aaron Beck, wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Beck alikuwa amesomea mkondo wa Sigmund Freud, uliofundisha kwamba sonona ni hasira ambayo mtu ameigeuzia nafsi yake. Akaamua kuyapima mafundisho hayo kwa kuchunguza ndoto za wagonjwa. Alitarajia kukuta hasira; alichokuta ni kushindwa, kupoteza na kukataliwa. Na hivyo ndivyo wagonjwa walivyojiona hata mchana, wakiwa macho.

Siku moja mgonjwa alikuwa akimsimulia mambo yake huku wasiwasi umemjaa. Beck alipomdadisi, mgonjwa akasema kwamba muda wote ule alikuwa akijiambia anamchosha daktari. Wazo hilo lilikuwa likipita chini kwa chini, halikuitwa, na mwenyewe aliliamini papo hapo. Beck akaanza kuyasaka mawazo ya aina hiyo, yanayojileta yenyewe. Akaona kwamba kwa mwenye sonona huelekea pande tatu: mimi sifai, dunia imenielemea, kesho haina nafuu.

Mawazo hayo yana mtindo wake. Kosa moja kazini linageuka hukumu ya maisha mazima. Rafiki asipopokea simu, basi ameshanichoka. Ukisifiwa, wanakuonea huruma. Ukilaumiwa, hapo wamesema kweli. Anayeamini kwamba hafai hujifungia ndani. Akijifungia, watu wanapungua. Watu wakipungua, anaona amethibitishiwa kwamba hafai. Ndivyo ugonjwa unavyojilisha.

Mwaka 1979 Beck na wenzake walitoa kitabu kinachoeleza tiba hii hatua kwa hatua. Wazo linawekwa kizimbani kama shahidi, linahojiwa. Ushahidi uko wapi? Ushahidi wa upande wa pili ni upi? Ndugu yako angepatwa na hili, ungemwambia nini? Kisha mgonjwa anapewa kazi ndogo ya kujaribu: aoge asubuhi, afike gengeni, ampigie simu yule rafiki, aone mwenyewe kitakachotokea. Mtaalamu hamshindi kwa hoja, wanachunguza pamoja.

Nisieleweke kwamba nawaambia wenye dhiki watabasamu. Umaskini ni kweli, msiba ni kweli, kipigo ndani ya nyumba ni kweli. Lakini "nadaiwa kodi ya miezi mitatu" ni jambo moja, na "mimi si mtu wa maana" ni jambo jingine kabisa. La kwanza linahitaji fedha na mipango. La pili linahitaji kuhojiwa, maana likiachwa linampokonya mtu hata nguvu za kulishughulikia la kwanza.

Wapo watakaosema tiba hii ni ya wenye uwezo, wa kulipa mtaalamu kwa saa. Pakistan imeshawajibu. Katika vijiji vya Rawalpindi, Profesa Atif Rahman na wenzake waliwafundisha wahudumu wa afya wanawake wa kawaida, wenye elimu ya sekondari, tiba hii iliyorahisishwa. Waliwatembelea kina mama wajawazito na waliojifungua, wakawafundisha mambo matatu: kulitambua wazo linaloumiza, kuweka mahali pake wazo linalosaidia, na kulifanyia kazi. Waliingia majumbani kwa mlango wa afya ya mtoto, hivyo familia hazikuona aibu.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Walishiriki kina mama 903, wote wakiwa na sonona. Mtoto alipofikisha miezi sita, waliobaki na ugonjwa kati ya waliopata tiba hiyo walikuwa asilimia 23. Kwa wenzao ilikuwa asilimia 53. Na wenzao hao nao walitembelewa mara zilezile, ila na wahudumu ambao hawakufundishwa tiba hii. Kwa hiyo kilichowaponya wengi si kupigiwa hodi tu, bali mazungumzo yaliyofuata. Shirika la Afya Duniani limeshautoa utaratibu huo kama mwongozo kwa nchi zote.

Sasa tujitazame sisi. Kenya ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 mwaka 2023. Tanzania ilizindua mpango wake mwaka 2024, unaolenga wahudumu zaidi ya 137,000. Hawa wanaingia majumbani, wanauliza juu ya chanjo, lishe na vyandarua. Naziomba wizara zetu za afya ziwafundishe pia kuuliza habari za moyo wa mama, kuzungumza naye kwa utaratibu huu, na kumpa rufaa anayehitaji daktari na dawa, maana sonona kali huhitaji vyote.

Nawe msikilizaji, ukimwona mwenzako amezama kwa zaidi ya wiki mbili, usimwambie ajikaze. Muulize anajiambia nini, msikilize mpaka amalize, kisha mpeleke kituo cha afya. Akikuambia kwamba anatamani kufa, usimwache peke yake hata kidogo. Mfikishe hospitali siku hiyohiyo.