Mbele ya kuvuka Kasumbalesa: karte gani mu simu?

Bandugu, na nyie wote munaotusaidia, Zambia tunaijua, tuliishi kule. Lakini simu zimebadilika. Leo kuko eSIM, karte isiyoshikika kwa mkono, inaingia kwa intaneti. Mbele ya kulipa, muandike *#06#. Kama namba ya EID haionekani, musitoe franga. Muiingize Lubumbashi, rezo ingali nzuri.

Nyingi zinaleta mega tu, bila namba ya kupigiwa. Kwa hiyo karte ya Congo isitoke mu simu: makuta ya musaada tunaituma kwa M-Pesa ya namba ile. WhatsApp ikiuliza kubadilisha namba, mukatae.

Mwenye kukaa kule miezi, anunue tu karte ya MTN ao Zamtel, pasiporti inaombwa.