Tone la Mvua Juu ya Kitambaa: Uzi, Kitundu na Kasi

Jengo la Soko la Kariakoo jijini Dar es Salaam, lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lilipewa paa la zege linalokusanya maji ya mvua. Lakini katika mitaa inayolizunguka, hasa Mtaa wa Kongo, bidhaa na watu hukingwa kwa miamvuli na maturubai, na ndiyo maana masika yanapoingia suala la namna tone la maji linavyogonga kitambaa huwa la kisayansi na la kimaisha kwa pamoja. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba kitambaa hakizuii maji kwa ubora wa uzi pekee, bali kwa uhusiano wa mambo matatu: uzi, vitundu vilivyo kati ya nyuzi, na kasi ya tone.

Molekuli za maji huvutana, hivyo uso wa tone hujikaza na kulifanya liviringe. Nguvu hiyo huitwa mvutano wa uso. Tone likitulia juu ya kitu, ukingo wake hufanya nacho pembe ya mguso, ambayo Thomas Young wa Uingereza aliieleza mwaka 1805: ikiwa chini ya digrii 90 maji hutanda, ikizidi hapo hujikusanya. Pamba, kwa kuwa ni selulosi, huyapenda maji. Hata hivyo, juu ya kanga mpya yenye wanga wa kiwandani tone linaweza kusimama kwa muda, ilhali kanga iliyokwisha kufuliwa mara kadhaa hulinywa papo hapo.

Kitambaa, hata hivyo, si uso mmoja, kwani mtande na mshindio, yaani nyuzi za urefu na za upana, huacha vitundu vyenye hewa. Mwaka 1944 wanasayansi Cassie na Baxter walionyesha kwamba tone lililo juu ya nyuzi zinazokataa maji hukalia kwa sehemu nyuzi na kwa sehemu hewa, na hivyo hukataliwa zaidi; lakini nyuzi zikiwa zinapenda maji, vitundu hivyohivyo huyafyonza na kuyasambaza.

Kasi ndiyo hupindua hesabu. Tone la mvua lenye kipenyo cha milimita 2 huanguka kwa takriban mita 6.5 kwa sekunde, na shinikizo la mgongano wake hufikia kama paskali 21,000, wakati kitundu chenye nusukipenyo cha mikromita 50, ambayo ni sehemu moja ya ishirini ya milimita, hakiwezi kuhimili hata paskali 3,000. Kwa hiyo kitambaa kinachoviringisha tone lililowekwa taratibu kwa kidole kinaweza kupenyezwa na mvua, na manyunyu yakaonekana ndani ya mwamvuli. Turubai zuri huepuka udhaifu huo kwa kupakwa plastiki inayoziba vitundu kabisa.

Inafuata kwamba jaribio la kudondosha tone moja dukani hupima tu jinsi kitambaa kinavyopokea tone tulivu, wala halipimi jinsi kinavyohimili kasi ya mvua. Mnunuzi akiangalie pia kitambaa dhidi ya mwanga na kukimwagia maji kutoka juu, na wenye viwanda waandike kwenye lebo shinikizo la maji ambalo bidhaa yao inahimili, ili anayenunua kinga ya mvua apate kinga kweli.