Kamera Ndani ya Bomba la Majitaka

Katika kisiwa cha Long Island, jimboni New York nchini Marekani, nyumba nyingi za Kaunti ya Suffolk hazijaunganishwa na mtandao wa umma wa majitaka, bali humwaga majitaka yake katika karo, yaani shimo lenye kuta za matundu linaloyaacha yapenye ardhini, na ardhi hiyo hiyo ndiyo iliyobeba maji wanayokunywa wakazi wake.

Bomba linalopeleka majitaka kwenye karo linapoziba, fundi huingiza kamera ndogo isiyopenywa na maji, yenye taa, inayosukumwa kwa kebo ngumu inayopindika, ili picha zionekane kwenye skrini. Kamera hiyo hufichua mizizi iliyopenya kwenye maungio ya mabomba ya udongo, au bomba la Orangeburg, lililotengenezwa kwa nyuzi za mbao na lami ya makaa ya mawe, ambalo hubonyea kadiri miaka inavyopita. Kichwa cha kamera aghalabu huwa na kisambaza mawimbi ya hezi 512, yanayonaswa na kipokezi juu ya ardhi, hivyo mahali pa kuchimba hujulikana kabla ya jembe kugusa bustani.

Hata hivyo, kamera haioni ndani ya maji machafu, kwa hiyo bomba huzibuliwa na karo hunyonywa kwanza. Faida kubwa kuliko zote ya kamera ni kwamba karo hukaguliwa kutoka juu, kwa kuwa gesi ya salfidi ya hidrojeni na upungufu wa oksijeni huweza kumuua anayeshuka humo, na mara nyingi pia anayemfuata kumwokoa.